Kidude cha kumulika udongo wa jaruba: maswali yenu na majibu

Tangu tulipogusia habari ya kupima udongo kwa mwanga meseji za wakulima wa mpunga hazijakatika, na nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwa hiyo zinazofanana nimeziunganisha na ndefu nimezipunguza. Leo nimebaki kwenye majaruba tu, maana udongo unaolala chini ya maji una mambo yake na ukiusoma kama udongo wa shamba la mahindi utapotea.

Msomaji wa Ifakara: Shikamoo mtaalamu. Kijijini kwetu kaja jamaa ana kidude kama tochi kimeunganishwa na simu, anakigusisha kwenye udongo sekunde chache alafu anakwambia naitrojeni ngapi, fosforasi ngapi, potasi ngapi. Baba anasema ni utapeli mtupu, mi naona ni sayansi. Nani yuko sahihi?

Marahaba mdogo wangu, na mzee mfikishie salamu zangu. Sio utapeli, hiyo sayansi ipo na imefanyiwa kazi miaka mingi, ila hofu ya mzee nayo ina mahali pake maana hizo namba tatu alizotajiwa hazina uzito sawa hata kidogo.

Kinachotokea ni hivi. Ndani ya hicho kidude kuna taa, inamulika udongo, sehemu ya mwanga inamezwa na sehemu inarudi, alafu kidude kinahesabu kilichorudi kwa kila aina ya mwanga. Aina za mwanga zinatajwa kwa nanomita, kipimo kidogo mno cha urefu wa wimbi lake, na macho yetu yanaona kuanzia kama nanomita 400 mpaka 700 hivi, yaani rangi za upinde wa mvua. Mashine kubwa za maabara zinasoma kuanzia 350 mpaka 2500, na huko mbele ya nyekundu ndo kwenye infraredi, jicho halioni kitu lakini udongo unaongea sana.

Maabara ukiingia wakati wa kupima utaona kazi yenyewe haina makuu. Udongo umeshakauka na kuchekechwa, unawekwa kwenye kisahani cha kioo, unasawazishwa juu bila kushindiliwa. Kwanza mashine inaonyeshwa kibao cheupe pee kinachorudisha karibu mwanga wote, ili ijue cheupe ni kipi, ndipo inaonyeshwa udongo. Kwenye kompyuta unatokea mstari mmoja unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, na njiani una mabonde. Bonde la karibu na 1400 na lile kubwa la 1900 ni ya maji. La karibu na 2200 ni la udongo wa mfinyanzi. Huku kushoto, kwenye rangi, mstari ukiwa umejikunja karibu na 500 na tena karibu na 900, hicho ni chuma, yaani ile kutu inayofanya udongo uwe mwekundu au wa njano. Na udongo wenye mboji nyingi mstari wake wote unakaa chini, kwa sababu mweusi humeza mwanga.

Sasa angalia vizuri hiyo orodha: maji, mfinyanzi, chuma, mboji. Umeona fosforasi? Umeona potasi? Hazipo. Mwanga hauzioni hizo moja kwa moja, unaona vitu vinavyozishika, na programu inakisia kutokana na hivyo. Naitrojeni ya jumla inakisiwa vizuri kwa sababu sehemu kubwa imo ndani ya mboji, na mboji mwanga unaiona. Lakini naitrojeni ya jumla sio ile ambayo mpunga utaila wiki hii, ile ni amoniamu na nitreti, ni chembe kidogo mno kwa mwanga kuzishika, kwa hiyo mtu asikwambie kidude kimesema "usiweke yuria mwezi huu". Mfinyanzi na kaboni, ambayo ndo msingi wa mboji, amini. Kalsiamu na magnesiamu, mara nyingi nzuri. Tindikali ya udongo, wastani. Fosforasi na potasi, hapo uliza maswali.

Na swali la kwanza la kumuuliza huyo jamaa ni moja: hiki kidude kimefundishwa kwa udongo wa wapi? Maana mashine haizaliwi inajua. Inapewa sampuli nyingi ambazo maabara imeshazipima kwa dawa na tindikali kama zamani, inalinganisha mistari yake na majibu ya maabara mpaka inashika uhusiano, ndo inaanza kukisia udongo mpya. Ikifundishwa kwa udongo wa mlimani alafu ikaletwa kwenye tope la bonde la Kilombero itakupa namba, namba haikosekani, na itakuwa na desimali mbili kabisa, lakini ni namba ya udongo wa watu wengine.

Mama wa Mbarali: Habari za kazi kaka. Mi nililipa nikapimiwa jaruba langu Jumatatu, tukakuta mboji iko juu nikafurahi. Jumamosi wakaja tena kupimia jirani nikaomba warudie, jaruba lilelile kona ileile, mboji ikashuka karibu nusu. Nikiuliza naambiwa udongo unabadilika. Ni kweli udongo unabadilika kwa siku tano?

Hapana mama yangu, sio kwa siku tano. Mboji ya jaruba inapanda na kushuka kwa miaka. Kilichobadilika ni maji. Naamini Jumatatu udongo ulikuwa na unyevu na Jumamosi umekauka, na kama nimepatia hapo umeshapata jibu lako.

Wewe mwenyewe umeshaliona hili mara elfu: chukua bonge la udongo mkavu, mwagia maji nusu yake. Nusu yenye maji inageuka nyeusi papo hapo. Mboji haijaongezeka, ni maji tu yamefanya mwanga usirudi. Kidude kikimulika hapo kinaona weusi kinadhani ni mboji, na mabonde ya maji yanapanuka yanafunika na ya jirani. Wapo wataalamu wanaofundisha mashine zao kwa udongo mbichi, au wanatumia hesabu za kuondoa athari ya maji, inawezekana, lakini kama hicho kidude kimefundishwa kwa udongo mkavu basi lazima kipewe udongo mkavu. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kwa hiyo ukipimiwa tena, sema udongo ukaushwe kwanza. Utandaze kwenye karatasi safi kivulini penye upepo, vunja mabonge, toa mizizi na mabua, uache siku kadhaa mpaka ukiuminya haushikani, alafu uchekechwe kwa chekeche la milimita 2. Na nakuomba sana, usiufunge kwenye mfuko uliokuwa na mbolea hata kama umeuosha. Sampuli za hivyo zinaletwa kila msimu, mtu kachimba vizuri, kachanganya vizuri, alafu kaja nazo kwenye kiroba cha DAP, na kazi yote imeishia hapo. Hela yako uliyolipa inaniuma, maana aliyekupimia alitakiwa akwambie haya kabla hajawasha taa.

Kijana wa Mwea: Sasa daktari, huku kwetu ni ule udongo mweusi wa pamba, ukikauka unapasuka mguu unaingia. Nimesikia Nairobi kuna maabara ya mwanga ambayo ni tofauti na hivi vidude, ati wanasaga udongo kama poda. Inafaa nipeleke huko ama hii ya simu inatosha?

Uko sahihi, ni vitu viwili tofauti ingawa vyote vinaitwa kupima kwa mwanga. Vidude vya mkononi vingi vinatumia infraredi ya karibu. Maabara kubwa zinatumia infraredi ya kati, ambayo iko mbali zaidi na rangi nyekundu, kuanzia kama maikromita 2.5, yaani pale nanomita 2500 zinapoishia, mpaka 25.

Tofauti yake chukulia zeze. Ukipiga uzi wa zeze unatoa sauti yake ya msingi, na juu yake kuna sauti nyembamba zinazofuatana nayo ambazo ni hafifu na zinachanganyikana. Vitu vya udongo navyo vinatikisika hivyohivyo vikipigwa na mwanga. Infraredi ya kati inasikia sauti ya msingi yenyewe, infraredi ya karibu inasikia zile nyembamba za juu. Ndo maana ile ya kati mara nyingi inapatia zaidi, kwenye mchanga, mfinyanzi, kaboni, hata aina ya madini. Gharama yake ni kwamba udongo lazima usagwe laini kweli, laini kuliko unga wa dona, na mashine hiyo ya maabara haibebeki begani.

Na hiyo ya Nairobi sio ya jana. Watafiti Keith Shepherd na Markus Walsh wa kituo cha kilimo mseto, ICRAF, walichapisha mwaka 2002 kazi yao iliyotumia sampuli zaidi ya 1000 za udongo wa juu kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, wakaonyesha kwamba ukiwa na maktaba ya mistari ya mwanga unaweza kukisia tabia nyingi za udongo bila kupima kila kitu kwa dawa. Hiyo ndo iliyofungua njia kwa mradi wa AfSIS, ambao ulikusanya udongo kwenye maeneo 60 barani Afrika, kila eneo kilomita 10 kwa 10. Yaani hii elimu imepikwa hapahapa kwetu, haijaletwa na meli.

Kwako wewe wa Mwea kuna jambo zuri: udongo mweusi wa pamba una mfinyanzi wa aina inayovimba, na mstari wake unajulikana, bonde la maji la 1900 ni refu sana hata ukiwa mkavu kwa sababu maji yamebanwa katikati ya matabaka ya huo mfinyanzi. Ila usidanganywe na rangi. Weusi wa udongo wako hautokani na mboji peke yake, udongo wa aina hii unaweza kuwa mweusi tititi na kaboni ikawa ya kawaida tu. Kidude ambacho hakijafundishwa kwa udongo wa pamba kitakusifia mboji ambayo huna. Kama mko kikundi, pelekeni sampuli chache maabara kubwa mpate majibu ya kutegemea, alafu ndo mlinganishe na hicho cha simu. Vikipishana sana mtajua.

Mzee wa Kyela: Mwanangu mtaalamu, nimelima mpunga tangu ujana wangu. Miaka mitatu sasa naweka mbolea ya fosforasi kwa sababu karatasi ya maabara ilisema udongo wangu una fosforasi kidogo mno, lakini mpunga haushtuki, sawasawa na jaruba ambalo sijaweka. Je huo mwanga unaweza kuniambia kwa nini?

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndo zito kuliko yote na nitalijibu kirefu, maana hapa ndipo jaruba linapoachana na mashamba mengine.

Kwenye udongo wetu wa joto wenye chuma kingi fosforasi inakamatwa na chuma na aluminiamu. Ukiweka mbolea inashikwa, mmea unapata kidogo. Sasa jaruba likijazwa maji hewa inakata. Vijidudu vya udongoni vinamaliza oksijeni iliyobaki ndani ya siku chache, vikikosa oksijeni vinahamia kwenye nitreti, alafu manganizi, alafu vinafika kwenye chuma. Ile kutu nyekundu inageuzwa kuwa chuma cha aina nyingine kinachoyeyuka, na kikiyeyuka kinaiachia fosforasi iliyokuwa imefungwa. Ushahidi unao shambani kwako: ukivuruga jaruba lililokaa na maji wiki kadhaa, tope la chini lina rangi ya kijivu ya kuelekea bluu hata kama lilikuwa jekundu kiangazi. Na ukingoa shina la mpunga ukalisuuza taratibu utaona mizizi imevaa koti la kutu, rangi ya machungwa. Hiyo ni kwa sababu mpunga unapitisha hewa kutoka majani mpaka mizizini, hewa ikivuja pale nje ya mzizi chuma kinarudi kuwa kutu palepale.

Sasa ile karatasi yako ya maabara. Vipimo vingi vya fosforasi vinafanyika kwa udongo mkavu, na udongo mkavu hauwezi kusema kitakachotokea ukikaa chini ya maji. Kwa hiyo karatasi inaweza kusema kidogo wakati maji yenyewe yanafungua ghala kila msimu. Kuna kipimo kingine kinachotumia oksaleti, ambayo inayeyusha chuma na aluminiamu ile legevu na kutoa fosforasi iliyoshikwa humo, na hicho kiko karibu zaidi na kile ambacho maji ya jaruba yanakifanya. Shida yake ni kazi na dawa, maabara nyingi hazikifanyi kila siku.

Hapo ndo mwanga unapoingia. Madagascar, ambako wanaishi kwa wali kama watu wa Kyela na zaidi, kulikuwa na mradi ulioitwa FyVary, 2017 mpaka 2022, wa kituo cha utafiti cha Japani JIRCAS pamoja na wenzao wa Madagascar, wakiwemo watafiti wa maabara ya Chuo Kikuu cha Antananarivo. Hilo neno vary kwa Kimalagasi ndo mpunga. Wakachukua udongo wa majaruba ya nyanda za juu, wakaupima kwa mwanga na kwa dawa, wakaangalia kama mwanga unaweza kukisia kaboni, naitrojeni na hiyo fosforasi ya oksaleti. Na wakaona unaweza, wakichagua sehemu za mwanga zinazohusika badala ya kutupia programu mstari mzima. Sababu yake inaeleweka ukirudi kwenye jibu la Ifakara: fosforasi mwanga hauioni, lakini chuma unakiona, na kwenye udongo wa namna ile fosforasi inayolengwa imekaa mgongoni mwa chuma. Ndo maana fosforasi ya vipimo vya kawaida mara nyingi inaugomea mwanga na hii ya oksaleti inakubali.

Wale wenye udongo maskini kweli wakafundishwa jambo dogo la mikono: kabla ya kupandikiza unachanganya tope na TSP kidogo, ambayo ni mbolea ya fosforasi, iwe kama uji mzito, unachovya mizizi ya miche humo kwa muda mfupi, nusu saa hivi, unakwenda kupanda. Mbolea inakwenda na mzizi mpaka shimoni badala ya kumwagwa jaruba zima ikakamatwe na chuma. Kwa mkulima ambaye mfuko mmoja ni mzigo hiyo ni tofauti kubwa. Wasizidishe muda wala mbolea tu, miche inaungua.

Kwako mzee wangu, kabla ya mwanga wala Madagascar, mpunga usioshtuka unakwambia jambo moja kati ya mawili: ama maji tayari yanakupa fosforasi ya kutosha, ama kuna kitu kingine kinachokosekana ambacho kinaziba, mfano zinki au salfa. Tenga majaruba madogo manne yaliyo jirani, yenye kingo nzima ili maji yasihamie. Moja liweke kila kitu, la pili kila kitu bila fosforasi, la tatu kila kitu bila zinki, la nne bila salfa. Ila hapo angalia mifuko, mbolea nyingine zina salfa ndani, zikiingia kwenye hilo jaruba la nne umejiharibia. Vuna kila moja peke yake, kausha sawa, pima kwa mizani. Hilo la pili likitoa sawa na la kwanza, hiyo hela ya fosforasi ihamishie kwingine msimu mmoja uone, alafu pima tena, maana ghala nalo likichotwa bila kurudishiwa linaisha.

Msomaji wa Shinyanga: Kwanini tusitumie droni au setilaiti tukapima majaruba yote ya kijiji kwa mara moja?

Kwa sababu setilaiti inaona kilicho juu. Mpunga ukishafunga, inaona majani. Jaruba likiwa na maji, inaona maji, na maji humeza infraredi karibu yote. Nafasi yake ni kiangazi, baada ya kuvuna, mabua yametoka na ardhi iko wazi na imekauka, hapo unaweza kupata ramani ya wapi kuna mfinyanzi na wapi kuna mboji kwa ujumla. Droni yenye kamera ya kawaida ya rangi nne tano inafaa zaidi kuangalia majani kama yamepungukiwa naitrojeni, kemia ya udongo haifiki.

Katibu wa kikundi cha umwagiliaji, Morogoro: Tuko wakulima wengi skimu moja, tumepata ofa ya kupimiwa kwa mwanga kwa bei ya jumla. Tuchukue sampuli vipi, na tudai nini kwenye mkataba?

Hongereni, kikundi ndo njia yenyewe, maana faida ya mwanga iko kwenye wingi. Sampuli moja ukiipima kwa dawa kila kitu ni siku kadhaa za kazi na matumizi ya tindikali, wakati mwanga unasoma sampuli moja kwa dakika chache na hauiharibu, kesho unaisoma tena ileile.

Kwenye uchukuaji: kila jaruba au kundi la majaruba yanayofanana, tembea kwa zigizaga uchimbe sehemu 10 mpaka 15, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa kama nusu kilo. Kaa mbali na kingo, mifereji, kichuguu, pale mlipopigia mpunga na pale mlipochoma mabua, maana majivu yatawadanganya. Chukueni baada ya kuvuna kabla hamjaweka samadi. Kichwa cha skimu ambako maji yanaingia na mkiani ambako yanaishia msivichanganye, chembe nzito za tope zinatua mapema na laini zinakwenda mbali, udongo wake haufanani.

Kwenye mkataba dai hili: sampuli zenu zote zipimwe kwa mwanga, alafu sehemu yake, zile ambazo mistari yake inatofautiana zaidi, zipimwe na kwa dawa, na hizo ndo zitumike kuirekebisha mashine kwa udongo wa skimu yenu. Na chache zifichwe, mashine isizione wakati wa kufundishwa, ndo zitumike kuijaribu. Wawape namba ya makosa kwa kila kipimo, kaboni imekosea kwa kiasi gani, tindikali kwa kiasi gani, fosforasi kwa kiasi gani, imeandikwa kwenye ripoti kwa Kiswahili mnachokielewa. Na udongo uliobaki waurudishe, muuhifadhi ofisini kwenye makopo makavu yenye lebo ya jaruba na tarehe, ili baada ya miaka mitano mkipima tena muwe na wa leo wa kulinganisha, kwenye mashine moja na siku moja.